Ukimwi na Wajibu wa Watu wa Msikitini

(Hotuba kwa jamaa wa misikiti ya Kondoa)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Mtukufu s.a.w., tunapenda kusema kwamba tumeombwa kuzungumza juu ya Ukimwi. Wapo waliotuuliza, kabla hatujasimama hapa, kama msikiti ni mahali pa kuutaja ugonjwa huu. Jawabu letu ni fupi. Wanaokufa kwa ugonjwa huu huletwa hapa kusaliwa. Wajane wao hukaa eda katika nyumba zinazouzunguka msikiti. Yatima wao wamo katika madrasa zetu wakisoma alifu na bee. Ikiwa matokeo yote ya ugonjwa yamekwisha ingia msikitini, hatuoni kwa nini elimu yake iachwe mlangoni pamoja na viatu.

Wazee wanakumbuka ulivyoanza. Wagonjwa watatu wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani, na wengi wakadhani ni maradhi ya wafanyabiashara wa Bukoba tu, au uchawi wa mtu aliyedhulumiwa mali. Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umepata wagonjwa. Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa, na mwaka 2001 Bunge likatunga sheria ya kuunda Tume ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwishoni mwa mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwenye uwezo wa kuzinunua aliishi na asiye na uwezo alizikwa.

Hali imebadilika sana tangu siku zile, nasi tusiwe watu wa kuhubiri habari za miaka 20 iliyopita. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa nchi hii, wanne na sehemu kidogo wanaishi na virusi. Kwa wanawake ni asilimia 5.6, kwa wanaume ni asilimia 3.0. Na katika kila watu 100 wenye virusi, kadiri ya 83 wanajua hali zao, na takribani wote wanaojua wanatumia dawa. Basi taabu yetu kubwa leo imo kwa wale 17 wasiojua. Mgonjwa anayemeza dawa yake twamwona na kumnong'ona, hali asiyejua ndiye anayeumia na kuumiza wengine huku akitembea na afya yake ya nje.

Sasa tuje kwetu Kondoa. Mji huu ni mtoto wa njia. Misafara ya karne ya 19 ilipumzika hapa penye maji, na kwa njia hiyo hiyo wafanyabiashara kutoka pwani waliileta dini ya Kiislamu kwa babu zetu Warangi. Baadaye ikapita barabara kuu ya kaskazini, na tarehe 27 Aprili 2018 Rais John Magufuli akazindua hapa Kondoa barabara ya lami itokayo Dodoma hadi Babati. Tunaifurahia. Mgonjwa aliyekuwa akifa njiani sasa anafika hospitali. Lakini njia haichagui mizigo. Ileile inayopeleka alizeti na mbaazi inaleta pia madereva wanaolala usiku mmoja na kuondoka, na inawachukua vijana wetu baada ya mavuno kwenda Kiteto, Kibaigwa na Dar es Salaam, mbali na mke na mbali na macho ya mzee. Siku ya mnada kijana ana fedha mfukoni kwa mara ya kwanza tangu masika, na jioni ya mnada, ninyi mnajua kuliko sisi, haimalizikii kwenye nyama choma.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wasafiri. Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe alisafiri katika biashara. Twasema ili mjue ya kwamba mahali petu si kisiwa.

Kuna faraja mbili za uongo ambazo tumezisikia mara nyingi katika vijiji vya Waislamu, na twapenda kuzieleza kwa urefu kwa sababu zimewaua watu wema.

Ya kwanza ni ile isemayo: sisi tumetahiriwa, ugonjwa huu hautupati. Ni kweli kwamba tohara ni kinga kwa sehemu yake. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa hupunguza hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaishauri tohara. Waislamu wengi walishangilia, na ni haki yao kufurahi kwamba sunna ya Nabii Ibrahim a.s. ina manufaa hata kwa madaktari. Lakini asilimia 60 si 100. Mtu anayevuka mto wa Kondoa wakati wa masika kwa daraja ambalo mbao zake nne kati ya kumi zimeng'oka, hasemi kwamba amevuka salama hadi afike ng'ambo. Na tohara ya mume haimkingi mke wake ikiwa mume amekwisha kuambukizwa.

Faraja ya pili ni isemayo kwamba Ukimwi ni adhabu ya wazinzi, hivyo asiyezini hana la kujifunza. Hapana shaka kwamba zinaa ni dhambi kubwa, na ya kwamba mtu anayejihifadhi kabla ya ndoa na ndani ya ndoa amejenga ukuta ambao hakuna duka la dawa linalouza mfano wake. Msimamo huo hatuubadilishi. Lakini tazameni nani wanaougua. Yumo mwanamke aliyeolewa akiwa bikira, ambaye hajawahi kuvuka kizingiti bila ruhusa, na virusi vilimfuata chumbani mwake kwa mguu wa mume. Yumo mtoto aliyezaliwa navyo. Je, tutasema mtoto huyo amezini? Anayesimama juu ya mimbari na kuwaita wagonjwa wote wazinzi amesema uongo juu ya watu hawa, na kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi, kwa sheria yetu, ni jambo zito sana. Tunawaomba maimamu walifikirie hili kabla ya hotuba ya Ijumaa ijayo.

Wako pia wanaosema: la kuandikwa limeandikwa, ya nini kupima? Hawa tunawakumbusha habari ya Sayyidna Umar r.a. Alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika mahali paitwapo Sargh akapashwa habari kwamba tauni imeingia huko. Akafanya shauri na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari na kuingia katika kadari, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Ndipo Abdurrahman bin Auf r.a. akaja na kueleza aliyoyasikia kwa Mtume s.a.w., kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kuikimbia.

Mfano wa ngamia na majani hakuna watu wanaoweza kuuelewa kuliko watu wa Kondoa. Ardhi yetu ilipomomonyoka hadi makorongo yakawa makubwa kuliko nyumba, hatukuketi tukasema imeandikwa. Ulianzishwa mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Uliumiza watu, na hadi leo wapo wazee wanaoulalamikia. Lakini majani yaliota. Anayekubali kuhamisha ng'ombe wake kwa ajili ya udongo asituambie kwamba kutoa tone la damu ili ajue afya yake ni kupingana na Mola wake.

Ama kuhusu kupima, jambo lenyewe ni jepesi. Hutolewa damu kidogo kidoleni na jibu hupatikana siku ileile. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima hadharani pamoja na mkewe ili watu waache kuogopa. Ikumbukwe tu kwamba katika wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa kipimo chaweza kisionyeshe kitu, na ndiyo maana mshauri humtaka mtu arudi baada ya miezi mitatu. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha mwenzake kupima, wala mhudumu hana ruhusa ya kutangaza majibu yake. Hayo yamo katika sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008. Sheria hiyohiyo inamtaka anayejua kwamba ana virusi amwarifu mwenzi wake.

Kwa hiyo imamu anapoletewa posa, asidai karatasi mikononi mwake wala asiwe hakimu. Awashauri bwana na bibi waende pamoja kabla ya siku ya nikahi, na waambizane wenyewe kwa wenyewe. Majibu yakiwa mazuri, waoane kwa furaha. Mmoja akiwa na virusi, haijawa mwisho wa mambo. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tisa, Kenya na Malawi zikiwamo, juu ya ndoa ambazo mmoja ana virusi na mwingine hana. Mgonjwa alipoanzishiwa dawa mapema, maambukizo kwa mwenzake yalipungua kwa asilimia 96. Uchunguzi uliofuata umethibitisha kwamba mwenye virusi anayemeza dawa kila siku, hata kipimo kisiweze tena kuviona katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Kabla hajafikia hapo, mume na mke watumie kinga kama daktari atakavyowaelekeza. Tunajua kwamba neno kondomu huwakera wengi msikitini, na anayemgawia kijana asiyeoa ili akazini hatuko pamoja naye. Lakini mume anayemkinga mke wake wa halali analinda nafsi iliyoharamishwa kuuawa, nasi hatuoni ugumu wowote katika hilo.

Mama mjamzito naye apime mapema, na mumewe amsindikize kliniki badala ya kumsubiri nyumbani na maswali. Bila tiba, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wanaozaliwa na akina mama wenye virusi huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa. Mama akimeza dawa sawasawa idadi hiyo hushuka chini ya 5, na ananyonyesha kama mama yeyote mwingine.

Tuseme sasa juu ya tiba za uongo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, Waislamu wakiwamo, walipanda magari kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Walikuwamo waliokwisha anza dawa za Ukimwi, wakaziacha, wakarudi nyumbani wakiwa na imani na virusi vyao. Tusiwacheke, maana kwetu nako wapo wanaochukua fedha za wagonjwa kwa kombe na dua, kisha wanamwambia mgonjwa aache vidonge ili kombe lifanye kazi. Kumwomba Mwenyezi Mungu shifaa ni ibada, na Kurani Tukufu ni rehema kwa waaminio. Lakini anayemwachisha mgonjwa dawa zake tunamwambia waziwazi kwamba ataulizwa juu ya roho ile. Dawa zikiachwa, virusi huzaliana upya, na huweza kuwa sugu.

Suala linaloulizwa kila mwaka Shaabani inapokaribia ni la funga. Wapo wagonjwa walioacha dawa mwezi mzima kwa kuona haya, kwa kuwa wangeonekana wakimeza mchana. Zamani, dawa za mwanzo zilimezwa asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12, na mchana wetu wa kufunga ni mrefu kidogo kuliko huo, kwa hiyo taabu ilikuwapo. Tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi wazima wamehamishiwa kwenye kidonge kimoja kwa siku. Mwenye kumeza mara moja anaweza kupanga na mhudumu wake ameze wakati wa kufuturu, au wakati wa daku, saa ileile kila siku, na akafunga bila kuikosa dawa wala kujulikana na mtu. Aende kliniki kabla ya mwezi kuandama, asijibadilishie saa mwenyewe. Ama yule aliye dhaifu, au mwenye kifua kikuu pamoja na Ukimwi, au anayetumia dawa nyingine za mchana, huyo ni mgonjwa ambaye Mwenyezi Mungu mwenyewe amempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine au kulisha maskini. Ruhusa ya Mola si aibu, na jirani anayechungulia sufuria za watu mchana wa Ramadhani ana kosa kubwa kuliko mgonjwa anayekula.

Twende haraka juu ya vyembe. Jando la kutumia kisu kimoja kwa watoto kumi liachwe kabisa. Watoto wapelekwe hospitali au kwa ngariba aliyefundishwa mwenye kifaa safi kwa kila mtoto. Wanaopiga chuku, maana sasa wengi wamerudi kwenye sunna hiyo, wasimchanje mtu kwa wembe uliokwisha mgusa mwingine, na pembe au kikombe kilichoingia damu kisiwekwe kwa mtu wa pili. Kuhusu kuwakeketa wasichana, mkoa wetu wa Dodoma katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa wa pili nchini baada ya Manyara. Jambo hili limekatazwa na sheria tangu mwaka 1998 kwa mtoto yeyote wa kike aliye chini ya miaka 18, halikuletwa na Kurani Tukufu, na linamwaga damu ya mtoto kwa wembe usiojulikana ulikotoka. Kulisingizia dini ni kuidhulumu dini.

Vivyo hivyo kurithi wajane. Mjane hatakiwi kurithiwa kama shamba. Akimaliza miezi minne na siku kumi za eda yuko huru kuolewa na amtakaye au kukaa. Shemeji anayemchukua bila yeye na mjane kupima huenda akaichimbia familia nzima kaburi la pili.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuumiza zaidi ya yote. Katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja, maiti ya Mwislamu ililala tangu asubuhi hadi alasiri kwa kukosa wa kuiosha. Wanaume walikuwapo, walijaa chini ya mwembe, kila mmoja akimtazama mwenzake. Ndugu zetu, kumwosha Mwislamu, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wasipoifanya wachache, wote wamepata dhambi. Na ilikuwa hofu bila elimu. Virusi hivi havipiti katika ngozi nzima. Muoshaji avae mipira ya mikono, afunike kidonda chochote alicho nacho, atumie kitambaa kama ilivyo adabu ya kuosha, na damu au majimaji yakimwagika apafute kwa maji yenye dawa ya klorini. Mipira hiyo ni ya bei ndogo. Kila msikiti uwe na boksi lake pamoja na sanda, na itumike kwa kila maiti bila kuuliza alikufa kwa nini, ili mtu asifichuliwe siri yake juu ya kitanda cha kuoshea.

Kwa aliye hai ni zaidi. Hakuna aliyepata Ukimwi kwa kula sinia moja, kwa birika la udhu, kwa msala, kwa kupeana mkono baada ya sala, wala kwa mbu. Tunaomba mlirudie jambo hili nyumbani kwa watoto, maana wao ndio wanaomwambia mwenzao yatima asikae karibu.

Hatuwi wa kwanza katika kazi hii. Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya Uganda iliundwa mwaka 1988, na kuanzia 1992 iliendesha mpango wa kuwafundisha maimamu na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, kwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na familia. Maimamu wengi mwanzoni walikataa hata kutaja kinga. Walipofundishwa na kujadiliana, walikubali kuieleza kwa watu wa ndoa huku wakishikilia uaminifu na kujizuia. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la Ukimwi liliuandika mpango huo kuwa mfano mwema, na Novemba 2001 viongozi wa Kiislamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kushauriana. Wale walikuwa maimamu wa vijijini kama sisi, wenye baiskeli na vitabu vichache.

Nasi twaanze na nini? Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuichunguza upya, na huduma nyingi za Ukimwi zilizokuwa zikilipiwa tangu mwaka 2003 zilitikiswa, hasa zile za wahudumu wanaowafuata wagonjwa majumbani. Mgonjwa aliyeko Busi au Haubi huenda asikose kidonge hospitalini, akakosa nauli ya kukifuata. Hilo msikiti unaliweza. Fungu dogo la sadaka ya Ijumaa likatwe kwa ajili ya nauli ya wagonjwa wa maradhi yoyote, bila kuandika jina la maradhi, na litunzwe na mtu mmoja mwenye amana ambaye mgonjwa atamwendea kwa siri.

Baada ya sala ya alasiri muuguzi atakuwapo uani kwa akina mama, na mwenzake wa kiume barazani. Wenye maswali wasiyopenda kuyauliza mbele za watu wayaandike bila jina, wayatie katika kisanduku kilicho karibu na mlango, nayo yatasomwa na kujibiwa kesho baada ya Isha.

Wassalaam alaikum warahmatullah.